Magunia Niliyomwambia Zaituni Ayafute

Ukienda shuleni kufundisha watoto namna ya kutoka kwenye nyumba inayoungua, usiingie darasani ukiwa umeshavaa barakoa. Mimi niliingia nayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa shuleni na nilitaka nionekane. Koti, kofia, mtungi wa hewa mgongoni, barakoa usoni. Nikasukuma mlango wa darasa la kwanza nikaanza kuvuta ile pumzi ya mtungi inayokoroma kama ng'ombe mgonjwa. Nusu ya darasa waliingia chini ya madawati. Mmoja aliyevaa kaptula ya kaka yake alining'ata paja. Mwalimu wao alitokea dirishani, na mpaka leo namsifu, maana katika chumba kile ni yeye peke yake aliyekumbuka kwamba kuna njia ya pili.

Niliporudi kituoni, Koplo Athumani, dereva wa gari letu na mtu aliyenifundisha kazi, alilitazama lile paja akasema, "Hongera. Umewafundisha kumkimbia mtu atakayekuja kuwaokoa."

"Ni utoto tu, afande. Walikuwa wanacheza."

"Mtoto akiogopa hachezi. Siku nyumba yao ikiungua utaingia na hilo lisura lako la mpira, naye atakwenda mvunguni anyamaze. Utampita."

Tangu siku hiyo nilivaa mbele yao, kitu kimoja kimoja, nikiwaachia washike. Koti linapita mikononi, kofia inavaliwa na yule mkorofi wa darasa, barakoa inawekwa usoni mwa mwalimu wao kwanza ili wamcheke. Mwisho nikivaa mimi, wanajua ni mtu yule yule. Fanyeni hivyo. Ni jambo dogo, na liliwagharimu watoto wa watu machozi kabla sijalijua.

Nawaandikia ninyi vijana mliovaa sare ya zimamoto baada yetu. Mwezi uliopita mlinialika kwenye somo lenu katika shule moja ya hapa mjini, mkanikalisha mbele pamoja na wazazi. Mlifundisha vizuri kuliko mimi. Mlikuwa na spika, mlikuwa na picha zinazotembea ukutani, na yule binti yenu mwenye cheo cha koplo anajua kuzungumza na watoto. Kisha akagawa karatasi, akasema, "Kila mmoja achore nyumba yao, atuonyeshe njia mbili za kutokea. Mbili. Karatasi isiyo na mbili sitaipokea."

Hapo nikainuka nikaondoka. Binti akanifuata mpaka getini.

"Shikamoo, mzee. Tumekukosea?"

"Marahaba. Hamjanikosea."

"Mbona unatoka hata soda hujanywa?"

Nikamwambia sukari imenikataza soda, jambo ambalo ni kweli, lakini silo lililoniondoa. Lililoniondoa ndilo hili.

Koplo Athumani hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo aliyarudia mpaka tukayachoka. La kwanza: moshi unaua, moto unazika. Watu wanaogopa ndimi za moto, wakati aliyemo ndani ameshalala kwa moshi kabla moto haujamfikia. Ndiyo maana tunawafundisha watoto watambae, kwa sababu hewa nzuri hubaki chini. La pili: ukifika kwenye tukio usiulize, "Wote wametoka?" Watajibu wametoka. Uliza, "Nani hayuko?" na udai majina. Mtu akilazimika kutaja majina ndipo anaona pengo.

La tatu alilisema kwa mifano. Mtu aliyechanganyikiwa hafikiri, alikuwa anasema. Anatoa kile alichozoeshwa. Kule Kilimatinde tuliwahi kumkuta mzee nje ya nyumba yake inayoungua, amekumbatia pampu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe iliungua. Tulipomwuliza kwa nini pampu, alisema kila asubuhi kitu cha kwanza anachokishika akitoka ni pampu. Tulicheka njia nzima ya kurudi. Athumani hakucheka. Alisema, "Mnamcheka, lakini yule amewapa somo. Mnachowazoesha watu ndicho watakachotoka nacho. Angalieni mnawazoesha nini."

Liliingia sikio moja, likatokea la pili.

Nilikuwa nimeanza kupendwa mashuleni. Nilikuwa na blanketi langu la moshi: walimu wawili wanalishika pembe kwa pembe usawa wa kifua cha mtoto, na watoto wanapita chini wakitambaa; anayegusa blanketi kwa kichwa amevuta moshi, anarudi nyuma ya mstari. Nilikuwa na mlango wa mbao usio na nyumba, nilioupakia kwenye gari, ili wajifunze kuugusa kwa mgongo wa mkono kabla ya kufungua. Nilikuwa na ndoo na kanga ya kulowanisha na kufunika pua. Tena nilikuwa na jiwe. Hapa kwetu Singida huna haja ya kumwambia mtoto "mahali salama pa kukusanyikia". Hajui ni wapi. Lakini karibu kila nyumba ina jiwe lake, lile kubwa ambalo watoto wanateleza juu yake na mama anaanikia mboga. Nikawaambia, ukitoka nenda kwenye jiwe lenu, kaa hapo, usirudi ndani kwa ajili ya daftari, wala kuku, wala mtu. Mwite kwa sauti umwambie apite wapi, lakini wewe usirudi.

Na nilikuwa na wimbo. Niliutunga mwenyewe, nikaona nimefika.

*Moto mbele, pita nyuma.*
*Moto nyuma, pita mbele.*

Watoto waliuimba wakienda kuchota maji. Waliuimba wakirukia kamba. Nilipopita kwa baiskeli mitaani walinipokea nao, nami nikajiona mtu.

Basi wakubwa wa kazi wakaleta habari kwamba watakuja kuona somo langu katika shule moja upande wa Mwankoko. Nikataka ukuta wa darasa la tatu ujae michoro. Karatasi ile niliitengeneza mwenyewe, msije mkamtafuta mwingine: juu jina la mtoto, katikati nafasi ya kuchora, chini mistari miwili. Mlango wa kwanza. Mlango wa pili. Mishale ichorwe kwa rangi nyekundu.

Nilikuwa napita dawati kwa dawati nikafika kwa msichana mmoja, Zaituni, wa miaka tisa, mwembamba, ameweka ulimi pembeni ya mdomo kwa bidii ya kuchora. Nyumba yao aliichora kama fundi. Sebule mbele, vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati unaokwenda mpaka mlango wa nyuma. Na mbele ya ule mlango wa nyuma alikuwa amepanga vitu sita, kila kimoja na kichwa chake juu.

"Hivi ni nini?"

"Magunia, afande. Ya lumbesa, yamejazwa kupita mdomo."

"Yamefuata nini mlangoni?"

"Ni ya alizeti. Baba anasubiri bei."

Wenzake wakaanza kucheka. Kila nyumba pale ilikuwa na magunia yanayosubiri bei, lakini hakuna mwingine aliyeyachora. Wakulima wetu walikuwa na mtindo huo, na wengi wanao hata leo: magunia yanapangwa ndani, yanaegemezwa mlango wa uani, kwa kuwa huo ndio mlango ambao mwizi huujaribu. Mlango wenyewe unafungukia ndani. Ukishaweka alizeti nyuma yake huhitaji kufuli.

"Sasa mlango wa pili uko wapi?"

"Uko nyuma ya magunia."

Darasa likacheka zaidi. Nami nilicheka.

"Na huu mshale unaotoka dirishani?"

Akashusha sauti. "Ndiko tunakopita mimi na Idi. Ni mdogo wangu. Wavu umebanduka, dirisha halina nondo. Mama hajui."

Mwalimu wa darasa, mama mmoja mwema ambaye siku ile alikuwa na haraka kama mimi, akasema kutoka mbele, "Zaituni, usimchoshe afande. Kwao wanabisha wote huyu, kuanzia bibi yake."

"Sibishi, mwalimu. Haufunguki."

Wageni walikuwa wanafika saa nne. Nilimwekea mkono begani. "Futa magunia, mwanangu. Magunia yatauzwa, mlango utabaki. Na dirisha ni la kuingiza hewa, si njia. Mshale uweke hapa, mlangoni."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika kazi hii, wengine wakiwa wameunguliwa na kila kitu, na bado mtazamo wa mtoto yule ndio ninaoukumbuka. Haukuwa wa ubishi. Alikuwa anangoja kuona kama nina jambo ninalolijua ambalo yeye halijui. Kisha akaomba raba kwa jirani yake, akafuta gunia moja moja, akafuta na ule mshale wa dirishani, akapuliza vumbi la raba. Akachora mshale mwekundu unaopita katikati ya mlango wa nyuma. Nilichukua kalamu yangu nyekundu nikaandika juu: *Safi*.

Wageni walifurahi. Mmoja wao alisimama hasa mbele ya karatasi ya Zaituni akasema ona mtoto huyu alivyopangilia.

Moto ulitokea kiangazi kile kile, saa za mchana. Mnaujua upepo wetu wa kiangazi. Uani jiko la mkaa halikai, linapeperusha cheche mpaka kwa jirani, kwa hiyo watu hulihamishia ndani, karibu na mlango wa mbele, likipata hewa. Mama yake Zaituni alikuwa barabarani anauza vitunguu. Baba yake, Ramadhani, alikuwa shambani. Zaituni aliinjika maharage, akamwacha Idi chumbani anacheza na vizibo vya soda, akaenda bombani kwa jirani na ndoo. Upepo ukalibeba pazia la mlangoni ukaliweka juu ya jiko. Pazia likaingia kwenye makochi ya sponji. Sponji ikishika, moshi wake ni mweusi na mnene, na hausubiri.

Haya niliambiwa na jirani, Mama Asha, niliyeandika maneno yake siku ile ile. Desturi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari kila kitu nilichoambiwa, nani kasema na alikuwa amesimama wapi, na madaftari hayo ninayo. Mama Asha alisema Zaituni alitupa ndoo akakimbia mpaka karibu na mlango, akaona hapaingiliki. Akamsikia Idi analia ndani. Kisha akapaza sauti. Nilimwuliza Mama Asha alisema nini hasa.

"Aliimba, afande. Ule wimbo wenu. Moto mbele, pita nyuma. Anaimba huku analia. Pita nyuma, Idi, tambaa, pita nyuma."

Tulipofika, watu walikuwa wanamwaga mchanga na maji ya ndoo. Kijana mmoja wa bodaboda alitupokea kwa yale mnayoyasikia na ninyi kila mara: "Karibuni, mmekuja kuosha majivu." Athumani alishusha mpira bila kumtazama. Mimi nikauliza nani hayuko. Watu wakaangaliana, kisha wote wakageuka kuelekea kwenye jiwe.

Zaituni alikuwa amekaa juu ya jiwe lao, magoti kifuani.

"Idi yuko wapi?"

"Nimemwambia apite nyuma. Namsubiri." Halafu akasema, kama anayejitetea, "Ulisema tusirudi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Wanaume wawili walikuwa wanasukuma ule mlango kwa mabega, unabonyea inchi moja na kurudi. Sikuhitaji kuugusa. Nililiona dirisha la chumba cha watoto, dogo, lisilo na nondo, wavu wake umebanduka pembe moja na kupindwa nje na vidole vidogo siku nyingi. Nikavaa barakoa, nikapita hapo. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kitanda. Chini ya hapo hewa ilikuwa safi kabisa. Vizibo vya soda vilikuwa sakafuni, vimepangwa mstari.

Idi alikuwa salama katika chumba kile. Hatua tatu na yuko nje, kwenye njia aliyokuwa anaipita kila siku. Alitoka humo akaenda ukumbini, kwa kuwa dada yake alimwambia apite nyuma. Nilimkuta mbele ya magunia, amelala kifudifudi, pua ameiziba kwa kanga aliyoilowanisha kwenye ndoo ya kunawia, kama nilivyomfundisha dada yake. Alikuwa na miaka mitano na hakukosea hata kitu kimoja.

Kesho yake mazishini Zaituni alinipita karibu na mlango wa jirani, amebeba birika la maji.

"Shikamoo, afande."

Nikaitikia marahaba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mpaka hapa mnaweza kunihurumia, na sitaki. Niliandika ripoti. Chanzo cha moto: jiko la mkaa lililohamishiwa ndani. Kilichomzuia marehemu kutoka: magunia ya alizeti yaliyozuia mlango wa nyuma. Kila neno ni kweli. Ripoti inaweza kuwa ya kweli tangu mwanzo mpaka mwisho na bado ikawa uongo, kwa kile ilichokiruka. Nilikiruka kile kikaratasi.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano akaniomba niseme neno la tahadhari. Nilisimama na sare yangu iliyopigwa pasi. Nikasema kuna wazazi wanaothamini bei ya alizeti kuliko watoto. Sikumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Ramadhani alikuwa amekaa mstari wa pili, kofia yake mkononi, na kila shingo iligeukia kwake. Nikaendelea. Nikasema gunia halilii, mtoto analia. Watu waliguna kwa kukubali. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Aambiwe." Nilikuwa nazungumza vizuri sana siku ile.

Ramadhani hakunyanyua macho. Baada ya hapo nilisikia watu wanamwita Bei Ipande. Watoto walimwita hivyo pia, wakikimbia.

Tukirudi kituoni Athumani aliendesha mpaka tulipoliona ziwa la Kindai. Ndipo aliposema, "Yule mtoto aliimba wimbo wa nani?"

"Wangu, afande."

"Mbona hukuusema pale?"

Niligeuka nikalitazama ziwa. Alistaafu mwaka uliofuata, na tulipomfanyia sherehe aliwashukuru wote kwa majina, akaniruka.

Niliacha wimbo. Kazi nikaigeuza, na haya niliyoyapata baadaye chukueni, ni mazuri hata kama aliyewapa si mzuri. Usimfundishe mtoto nyumba ya kwenye kitabu. Mwulize, "Mkicheza kujificha mnapita wapi?" Hapo atakutajia kila tundu la nyumba ile, hata ambalo baba yake halijui. Mwulize ni mlango gani unaokwama mvua ikinyesha, ufunguo unatundikwa wapi, pikipiki inalazwa wapi, nani hulala karibu na nani. Nenda nyumbani kwao, mfumbe macho kwa kanga, mwambie atoke kuanzia kitandani. Utaona anagonga wapi. Alipogonga ndipo somo lako linapoanzia.

Na jiandaeni kusimangwa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wahamishe magunia. Mzee mmoja aliniuliza, "Niyapeleke wapi, afande? Kitandani kwako?" Mwingine aliniuliza, akiyatoa nje, nitakuja kuyalinda mimi, na nitawafukuza mbuzi pia? Walikuwa na hoja. Mtu ana vyumba vitatu na chakula cha mwaka mzima ndani ya magunia. Nilijifunza kutobishana. Navua shati, tunayahamisha pamoja mpaka kwenye ukuta usio na mlango wala dirisha, na mwizi namfungia kwa komeo la mti upande wa ndani, ambalo hata mtoto anaweza kulichomoa. Mgongo wangu ulioharibika umetokana na lumbesa za watu, si mpira wa maji.

Lakini kwa Ramadhani sikwenda. Nilizunguka Mwankoko yote nikiuruka mji mmoja. Nikastaafu, nikaendelea kuuruka.

Nilikwenda baada ya siku ile ya shuleni kwenu. Nilimkuta uani anapepeta alizeti, amezeeka, na mlango wa nyuma haupo tena. Pamezibwa kwa matofali na kupigwa lipu, ila rangi ya lipu haifanani na ya ukuta.

"Karibu, afande."

"Siku hizi si afande tena, ndugu yangu."

"Kwangu mimi ni afande tu. Kaa."

Akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama na ungo wake. Nikauliza hali ya Zaituni. Ameolewa Kintinku, ana watoto wawili, hajambo. Nikauliza habari za mvua. Nilipomaliza kuuliza yote yanayoulizwa, nikasema, "Nimekuja kukueleza jambo."

"Lile la karatasi?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Aliniambia jioni ile ile, kabla hatujamzika mwenzake. Alisema, baba, mimi niliyachora."

"Mbona mkutanoni ulinyamaza?"

"Ningesemaje? Mimi niliyepanga magunia, nisimame niseme kosa ni la afande? Wangenitafuna." Alipepeta mara mbili, makapi yakaenda na upepo. "Na magunia nilipanga mimi kweli. Hilo langu nimelibeba, silikatai. Nilikuwa nakungoja uje uchukue lako. Nikajua utakuja wiki ile. Halafu nikajua utakuja mwaka ule."

Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni. Karatasi ya Zaituni, iliyobanduliwa ukutani shuleni, ilikuwa imekunjwa mara nne. Aliifungua akaiinua kuelekea jua, akailaza kidogo upande. Kalamu ya risasi hata ikifutwa huacha mkwaruzo kwenye karatasi. Magunia yote sita yalikuwepo, na vichwa vyao vya lumbesa. Mshale wa dirishani ulikuwepo. Juu yake wino wangu mwekundu haujafifia.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Usiniombe hapa. Hapa tuko wawili na mbuzi. Wewe ulinisema mbele ya mtaa mzima."

"Wengi wa siku ile wamekufa, Ramadhani. Wengine wamehama."

"Basi waambie waliopo."

Akaikunja karatasi akairudisha kwenye nailoni. Hakunikaribisha chai, wala sikuitazamia.

Waliopo ndio ninyi, nimeanza na ninyi. Jina lake ni Ramadhani, si Bei Ipande, na mtoto wake alituambia ukweli darasani nikamwambia aufute. Zile karatasi mlizokusanya siku ile najua bado mnazo kituoni, maana yule koplo alisema atazibandika ukutani. Kabla hamjazibandika, ziinueni moja moja kwenye mwanga mtazame palipofutwa. Mkiona pamefutwa, nendeni nyumba hiyo kabla jua halijazama.